Naombeni ushauri: nisaini mkataba wa kaboni kwa ekari 4 za Kimbiji?

Mama_Mikorosho: Wakuu, heshima kwenu. Naishi Magomeni, ila tuna shamba la urithi Kimbiji, Kigamboni, ekari 4, kichanga kitupu. Kuna kampuni imetuletea mkataba wa miaka 20: tusichome mabaki, tutandaze majani, tupande mbaazi katikati ya mihogo, halafu wao wauze kaboni itakayobaki udongoni, yaani wanaochafua hewa kwingine walipie hewa ukaa tuliyoizuia sisi. Mgao wetu haujaandikwa popote. Mdogo wangu anasema tusaini upesi, majirani wameshasaini. Mimi nasita, ardhi hii ndiyo pekee aliyotuachia marehemu baba.

Kichanga_Mfinyanzi: Dada, kalamu iweke chini kwanza. Nimesomea udongo, ngoja nikupigie hesabu. Ekari moja kwa kina cha sentimita 30 ina karibu tani 1,800 za udongo. Kaboni ikipanda kutoka asilimia 0.5 hadi 0.6, umeongeza tani 1.8, zidisha kwa 3.67 upate hewa ukaa, ambayo ndiyo inayouzwa, kama tani 6.6. Na kupanda hivyo ni kazi ya miaka, kwa sababu kichanga cha Pwani hakina mfinyanzi wa kuishika kaboni, na kwa joto letu vijidudu huila haraka. Wamepima udongo wako kabla ya kuja na karatasi? Bila kipimo cha mwanzo watauza nini?

BabaZai_Chanika: Mkuu kamaliza. Ila da mkubwa, kuacha kuchoma kusisubiri mkataba! Mimi natandaza tangu vuli ya mwaka juzi. Saa 7 mchana kichanga kilicho wazi hukikanyagi peku, lakini ukifunua majani unakuta ubichi, na vijizizi vya mhogo vimepanda juu kuufuata. Mchwa watakuja, usirundike shinani.

Wakili_Mkulima: Tuna kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine (SUA), Morogoro. Ulizia huko kama mradi umesajiliwa. Soma pia kifungu cha kuvunja mkataba: ukitaka kuuza ekari moja umsomeshe mtoto, itakuwaje?

Mama_Mikorosho: Asanteni sana jamani, hicho kifungu hatukukiona kabisa. Hatusaini. Kibarua alishakusanya majani ya kuchoma kesho, nimempigia asiwashe. Jumamosi tunavuka na pantoni, mimi na mdogo wangu, tukayatandaze wenyewe.