Mzee kasahau nenosiri la kompyuta ya nyumbani, fundi anataka kufomati

BintiMuheza:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla hatujaharibu. Baba yangu, mwalimu mstaafu, ana kompyuta ya mezani, Dell, Windows 10. Humo ndimo anamotunzia hesabu za mfuko wa mazishi wa mtaa: nani katoa, nani anadaiwa, nani kafiwa akapewa kiasi gani. Likizo iliyopita mjukuu alikuja, mzee akaona michezo itamvurugia mafaili, akabadilisha nenosiri. Dogo kesharudi shule, na nenosiri mzee halikumbuki.

Ukikosea, pale chini kinatokea kile kidokezo alichojiwekea mwenyewe. Kimeandikwa "ile ile". Nikimuuliza ile ipi, ananitazama kama mimi ndiye niliyeandika.

Fundi wa karibu na stendi anasema dawa ni kufomati tu, elfu ishirini. Mzee keshatoa hela mfukoni, mimi ndiye nimezuia. Mafaili yatapona kweli?

Mpiga_Solo:
Fomatini tu dada, maisha yaendelee. Huyo mzee hana daftari la karatasi?

FundiMstaafu:
Huyo wa juu mwacheni na solo yake. Dada, umefanya la maana kumzuia. Akifomati, hesabu za watu zimekwenda, na kuzirudisha ni kazi nyingine kabisa, tena bila uhakika.

Anza na vitu vidogo. Angalia taa ya Caps Lock, na ya Num Lock kama mzee anapenda kubonyeza namba za upande wa kulia. Usicheke, kuna watu walinibebea mashine kutoka mbali kwa sababu ya taa hiyo.

Halafu niambie: pale pa kuingilia, chini ya jina la mzee pana barua pepe au jina peke yake? Kama pana barua pepe, hiyo ni akaunti ya Microsoft. Unachukua simu yoyote yenye bando, unaingia account.live.com/password/reset, wanatuma namba kwenye laini au barua pepe aliyojiandikishia, unaweka nenosiri jipya. Kompyuta nayo iwe na intaneti wakati wa kuingia, la sivyo haitalitambua. Wanaokwama ni wale ambao laini yao ya zamani ilishafungwa.

Kama ni jina peke yake, akaunti iko humo humo ndani ya mashine. Kosea nenosiri makusudi, kisha tazama chini ya kisanduku kama kuna maandishi ya kuweka nenosiri upya. Tangu toleo la 1803 la mwaka 2018, Windows 10 ina maswali matatu ya usalama kwa akaunti za namna hiyo.

BintiMuheza:
Jina peke yake. Na maandishi yapo! Swali la shule ya kwanza na la mji aliozaliwa mzee kajibu bila kusita. Limebaki la jina la binamu mkubwa kuliko wote. Anasema ni mtoto wa shangazi yake wa Pangani, lakini huyo ana jina la chuoni na jina la mtaani, na yote mawili yamekataa. Sasa ameanza kuwahesabu na wa upande wa mama.

FundiMstaafu:
Mwache aendelee kuhesabu. Wewe hamisha hesabu za mfuko. Nenosiri la Windows linafunga mlango wa mbele tu. Kama diski haijasimbwa (yaani mafaili hayajageuzwa kuwa maandishi ya siri), dirisha la uani liko wazi.

Tafuta flashi ya GB 8. Kwenye kompyuta ya jirani pakua Linux Mint (mfumo mwingine badala ya Windows, unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa), iweke kwenye flashi kwa programu ya Rufus (flashi itafutwa yote, kwa hiyo isiwe ya picha za harusi). Ichomeke kwa mzee, washa, bonyeza F12 mfululizo, hiyo ni ya Dell. HP ni F9. Chagua flashi. Ikishawaka utaona alama ya kusakinisha hapo kwenye skrini: USIIGUSE. Fungua diski ya mzee, ingia folda ya Users, halafu ya jina lake, nakili kila kitu kwenye flashi nyingine. Ikisema diski ni ya kusoma tu, usijali, wewe unataka kusoma.

Na akija fundi mwingine kusema anaweza kulivunja nenosiri kwa nguvu, inawezekana, ila manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari huwa yanapotea. Ndiyo maana maswali ni bora, kama binamu atapatikana.

BintiMuheza:
Mafaili nimeyatoa, Excel zote zinafunguka. Mungu akubariki.

Na binamu kapatikana! Ni yule yule wa Pangani. Mzee hawezi kumtaja mkubwa wake kwa jina tupu, alimwandika "Kaka Zuberi". Tumeingia.

Mpiga_Solo:
😂😂 Adabu ya walimu wa zamani. Nimefuta kauli.

Kigamboni_One:
Mkuu FundiMstaafu, nadandia hapo hapo. Laptopu yangu haiulizi nenosiri, inataka namba ya tarakimu 48, skrini ya bluu. Hiyo njia ya flashi itanifaa?

FundiMstaafu:
Hapana. Hiyo ni BitLocker, diski yako imesimbwa. Ukiwasha na Linux utaiona lakini haitafunguka bila hizo namba. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ya Microsoft uliyotumia kwenye mashine hiyo. Mara nyingi namba ziko huko hata kama hukumbuki kuzihifadhi. Zikiwa nyingi, linganisha kitambulisho kilichoandikwa kwenye hiyo skrini ya bluu. Kama laptopu ni ya ofisi, waulize watu wa kompyuta wa huko kwanza. Zisipopatikana popote, hapo ndipo pa kufomati, na mafaili usiyategemee.