Bima ya maisha baada ya matibabu ya saratani: nijaze nini kwenye fomu?

Mwalimu wa Tukuyu

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Tukuyu, nina miaka 41 na watoto watatu, na baba yao alishatangulia mbele za haki. Mwaka 2021 nilitolewa kinyama cha kupimwa katika titi la kushoto na majibu yakaonyesha saratani ya hatua ya pili. Nilifanyiwa upasuaji, nikapewa kemo, yaani dawa kali za saratani, kisha mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tangu Machi 2022 nimebaki na vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia saratani isirudi, na kliniki ya kila miezi sita, na mpaka leo majibu ni mazuri.

Sasa nataka kukata bima ya maisha ya shilingi milioni 20, ili nikiondoka watoto wasikatishwe masomo. Wakala aliyenitembelea shuleni alipofika kwenye swali la magonjwa aliniambia, "Mwalimu, hapo andika hapana, kwa kuwa umeshapona." Sikusaini, kwa sababu moyo ulisita. Je, yupo aliyekata bima baada ya ugonjwa huu? Na nikiandika ukweli, si ndiyo nitakuwa nimejifungia mlango mwenyewe?

Mstaafu wa Bima, Mbeya

Mwalimu, pole kwa uliyoyapitia, na umefanya vyema kutosaini. Nilishughulikia maombi ya bima ya maisha kwa miaka mingi, na nakuomba uniamini katika hili: mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu kamili wa pande zote mbili. Kampuni haikujui, hivyo hukubali kubeba hatari kwa kutegemea maelezo yako. Swali la fomu haliulizi kama umepona, bali kama umewahi kuugua. Ukiandika hapana, utalipa ada kila mwezi bila kuulizwa neno, na siku familia itakapodai, kampuni itaomba jalada lako la hospitali, ione tarehe ya kinyama, na iwe na sababu ya kukataa. Wakala atakuwa amekwisha kupata kamisheni yake, na wewe hutakuwepo kujieleza.

Ama kuhusu kufungiwa mlango, mara nyingi kampuni ina njia zaidi ya kukubali au kukataa. Inaweza kukuahirisha mpaka ipite miaka kadhaa tangu matibabu makubwa yamalizike, kwa sababu hatari ya ugonjwa kurudi hupimwa kwa aina ya saratani, hatua yake na muda uliopita ukiwa salama. Inaweza pia kukukubali kwa ada ya nyongeza ya muda maalumu. Kwa mfano wa hesabu tu, nyongeza ya shilingi 5 kwa kila shilingi 1,000 za kinga, yaani za kiasi ambacho bima italipa, kwa milioni 20, ni shilingi 100,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida. Kampuni nyingine itakupa bima lakini itatoa saratani katika kinga, na kwa hali yako mimi nisingekushauri ulipie bima ya namna hiyo bila kutafakari sana.

Usikimbilie kujaza fomu za kampuni tano kwa wakati mmoja. Fomu nyingi huuliza kama umewahi kukataliwa au kuahirishwa, na jibu hilo litakufuata. Mtafute dalali wa bima, yule ambao wengi humwita broka, mwenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Wakala huiwakilisha kampuni, lakini dalali hukuwakilisha wewe, na anaweza kuziuliza kampuni kadhaa kuhusu hali yako bila kutaja jina, kabla hujasaini popote. TIRA ina ofisi ya kanda hapa Mbeya, unaweza kuthibitisha leseni yake huko.

Ndugu wa Mafinga

Dada, naongeza ushahidi wangu, ingawa bado unaniuma. Marehemu kaka yangu alikuwa na saratani ya tezi dume, akaificha kwenye fomu kwa ushauri wa mtu wa namna hiyo hiyo. Alilipa ada miaka mitatu. Alipofariki, mjane alirudishiwa barua ya kurasa mbili yenye tarehe za kliniki alizohudhuria kabla ya kukata bima. Hatukuwa na la kujibu, maana kila kilichoandikwa mle kilikuwa kweli.

Muuguzi, Njombe

Mwalimu, kusanya nyaraka zako mapema: majibu ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa maabara, ya kinyama na ya upasuaji, muhtasari wa matibabu unaotaja tarehe ya mwisho ya mionzi, na barua ya daktari kuhusu kliniki ya karibuni. Majibu ya patholojia ndiyo yanayobeba uzito, kwa sababu yanaeleza ukubwa wa uvimbe, kama tezi za kwapani ziliguswa, na kama saratani ilikuwa inaitikia homoni. Nimeona wagonjwa wakiahirishwa kwa sababu tu jalada lilikuwa na pengo. Vidonge vya tamoksifeni navyo uviandike, wala usiogope kwamba vitaonekana kama dalili ya kuugua upya, kwa kuwa ni kawaida kuvitumia miaka mitano au zaidi.

Mstaafu wa Bima, Mbeya

Nilisahau jambo muhimu. Wewe ni mtumishi wa umma, kwa hiyo katika PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, unachangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15, na mafao ya warithi hayategemei fomu ya magonjwa. Hakikisha watoto wote watatu wamo katika kumbukumbu zako. Kisha uliza SACCOS yenu, yaani chama cha akiba na mikopo, kuhusu bima ya kikundi: mara nyingi kuna kiwango cha kinga ambacho mwanachama hupata bila uchunguzi wa afya. Ila ukiongeza mkopo, soma upya tamko la afya, maana mkopo mpya huweza kuja na masharti mapya.

Mwalimu wa Tukuyu

Asanteni sana. Ijumaa nitapanda Mbeya kuulizia leseni ya dalali, na nyaraka nitaziomba kwenye kliniki ijayo. Nina swali moja tu: mkubwa wangu ana miaka 15. Je, naweza kuwaandika watoto wenyewe kuwa wanufaika?

Mstaafu wa Bima, Mbeya

Unaweza kuwaandika, pamoja na mgawanyo wa kila mmoja kwa asilimia. Lakini aliye chini ya miaka 18 hakabidhiwi fedha mkononi, kwa hiyo taja na mtu mzima atakayezisimamia kwa niaba yao, mwenyewe akijua na kukubali, na jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa. Mkubwa akitimiza miaka 18, rudi ubadilishe fomu ya wanufaika.