Kutoka Mbeya kwenda Kizimkazi: pomboo, msikiti wa kale na njia ya mbao mikokoni

Wa Mwanjelwa:
Wadau, habari. Juni shule zikifungwa tunashuka Unguja, wakubwa wawili na watoto wawili. Tunataka pomboo wa Kizimkazi, ule msikiti wa kale na njia ya mbao kwenye mikoko ya msitu wa Jozani. Vyote vinaingia siku moja?

Kihesa Juu:
Vinaingia, mradi mlale Kizimkazi usiku wa kuamkia siku hiyo. Basi la alfajiri kutoka Mbeya huingia stendi ya Mbezi, Dar, boti za Zanzibar zimeshaondoka, hivyo hesabuni usiku mmoja Dar. Vitambulisho viwe mkononi mnapokata tiketi. Unguja mjini ulizeni daladala 326. Ya 309 hupita Jozani lakini haifiki Kizimkazi.

Maji ya Kyela:
Kabla ya kupanga tarehe, angalieni mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji Unguja hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Boti ikichelewa inakwama mbali na ufuo, mnashuka na watoto kutembea juu ya mawe, kwa hiyo bebeni viatu vya mpira. Ondokeni saa 12, saa 3 muwe mmerudi. Uzuri ni kwamba mkifika Jozani mapema mchana mizizi ya mikoko bado iko wazi, na kaa wanatembea chini ya mbao. Siku za maji mafu, yaani za nusu mwezi, ni kinyume: asubuhi maji yamejaa, mnaona samaki kati ya mizizi. Mbao zikilowa zinateleza, washikeni watoto mikono.

Juni kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma na mawimbi huongezeka jua likipanda. Kama mnaweza kungoja likizo ya Desemba, ngojeni.

Kihesa Juu:
Naongezea. Kubaliana na nahodha kabla ya kulipa kwamba hatawakimbiza pomboo wala kuwakata mbele. Wakizungukwa na boti hupumzika kidogo na kula kidogo. Watoto wasirushwe majini juu yao, tafadhali sana.

Msikiti uko Dimbani. Maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya mihrabuni yana mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ingawa sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 18. Bado unasaliwa: Ijumaa adhuhuri msiende, vueni viatu, kina mama wajifunike, na mwombeni msimamizi ruhusa ya kuingia.

Wa Mwanjelwa:
Asanteni sana. Na kichefuchefu kwenye boti kubwa ya Dar kwenda Unguja?

Maji ya Kyela:
Kaeni nyuma, sitaha ya chini. Chakula chepesi, na dawa saa moja kabla ya kuondoka. Za watoto ulizeni kipimo duka la dawa.