Tupeane uzoefu: nani kwenu alipewa jina la wimbo?

Kijana wa Temeke
Wakuu, habari za jioni. Dada yetu mkubwa anaitwa Zuwena, na wa rika letu hamhitaji kuelezwa jina lilitoka wapi. Alizaliwa miaka ile mwimbaji Marijani Rajabu yuko bendi ya Dar International, na kila dirisha la mtaani kwetu wimbo wake wa Zuwena ulikuwa unatoka. Baba alikuwa amekwisha kusema mtoto akiwa wa kike ataitwa Mwajuma, jina la mama yake. Mama, mjamzito wa miezi minane, akamwambia kwa upole, "Mwajuma atakuwa wa pili. Huyu ameshajitaja mwenyewe redioni."

Vijana mkumbuke kwamba nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, zikabaki kwenye tepu za redio. Hukuwa unaenda dukani kununua. Ulisubiri wimbo upigwe redioni, na mwenye radio kaseti aliweka kidole tayari juu ya kitufe. Baba aliunasa wimbo wa Zuwena namna hiyo, lakini ulipofika mwishoni mtangazaji akaingia na kuanza kusoma salamu: fulani wa Kigoma anamsalimu fulani wa Tanga. Hiyo ndiyo kaseti tuliyokulia nayo. Kwetu salamu zile zilikuwa sehemu ya wimbo, tulizikariri pamoja na mashairi.

Dada alikuwa amevuka miaka 30 alipousikia mpaka mwisho, kwenye simu ya mwanangu. Alinyamaza, akaomba urudishwe, akaomba tena. Mara ya tatu akaanza kulia, kwa sababu mama alikuwa ameshafariki na hakuwahi kuusikia mzima tangu siku zile za redio. Marijani mwenyewe alituacha mwaka 1995. Jabali la Muziki lile, Mungu amrehemu.

Haya, leteni za kwenu. Wimbo gani, nani aliuimba, na nani nyumbani alichagua jina.

Mzawa wa Kihonda
Mimi jina langu ni la mwimbaji, sijui kama naruhusiwa. Naitwa Mbaraka, nimezaliwa Februari 1979. Mwezi mmoja kabla, Mbaraka Mwinshehe alikuwa amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Baba anasema Morogoro siku ile watu walikaa vibarazani kama kila nyumba ina msiba wake. Yeye alikuwa amemfuata tangu bendi ya Morogoro Jazz, akamfuata tena alipoanzisha bendi yake ya Super Volcano mwaka 1973. Mpaka leo akitaja safari ya Morogoro Jazz kwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970, utadhani alikuwamo ndani ya ndege.

Nilipozaliwa hakumuuliza mtu. Alinichukua, akaniita, basi. Sijui kupiga gitaa, na nilipokuwa mdogo iliniuma nikidhani nimemwangusha. Siku moja akaniambia hakunipa jina ili niwe mwanamuziki. Alitaka tu aendelee kuliita nyumbani.

Mama Neema wa Dodoma
Wa kwetu ni Neema, ule wimbo wa bendi ya Mlimani Park aliouimba Cosmas Chidumule. Nilichagua mimi. Baba yake akadhani nimelitoa kanisani, nami sikumsahihisha. Miaka ikapita, Chidumule mwenyewe akaokoka na kuanza kuimba nyimbo za injili, nikaona sasa tumepatana sote watatu.

Mario K.
Jamani mimi lilinikuta kinyume. Nilibatizwa Mario mwaka 1977, jina la padri mmoja aliyemsaidia babu. Mwaka 1985 Franco na bendi yake ya TPOK Jazz wakatoa wimbo wao "Mario", wa kijana anayelelewa na mama mtu mzima mwenye fedha. Kilingala tulikuwa hatukijui, lakini habari yake ilienea upesi kuliko maneno, na mtaani jina langu likageuka tusi. Mwanamume wa kulelewa akawa "marioo", neno ambalo mpaka leo liko kwenye Kiswahili chetu. Nilipopeleka posa, mjomba wa binti aliomba kwanza aone cheti changu cha ubatizo. Nilikionyesha. Na wimbo naupenda, magitaa yale hayana mfano, ila niliteseka nao sana na sikuwahi kulisema hili mahali popote.

Kijana wa Temeke
Mario, pole sana kaka. Umetufungulia kitu kizito.

Mkamjeni wa Voi
Hamjambo. Mimi ni Mtaita, na mwimbaji Fadhili William alikuwa wa kwetu, kwa hivyo nikisema Malaika nasema kwa fahari. Najua watu hubishana hadi leo ni nani alitunga wimbo huo, na ng'ambo wengi waliujua kupitia Miriam Makeba. Lakini sauti ya Fadhili ndiyo iliyokuwa kwetu nyumbani.

Mume wangu alitaka kunioa na hakuwa na mahari. Miaka miwili alikuwa akifika kwa baba, anapewa chai, anarudi. Jioni moja akaondoka akiuimba njiani kwa sauti, si kwa maringo, alikuwa amechoka tu. Baba alikuwa ameketi nje. Akasikiliza hadi sauti ikaisha kule barabarani, kisha akamwambia mama, "Mwambieni alete alicho nacho." Alileta mbuzi wawili na blanketi. Kifungua mimba wetu ni Malaika, sasa ni mwalimu.

Bint Unguja, Muscat
Kwetu ni Siti, kwa ajili ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Bibi alihama Unguja na sanduku moja, na ndani yake mlikuwa na santuri zake mbili zilizofungwa kwa kanga. Ndiye aliyetusimulia kuwa Siti alizaliwa akaitwa Mtumwa, na hilo la Siti, la heshima, alilipata ukubwani kwa uimbaji wake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi.

Dada yangu alipozaliwa hapa Muscat, wakwe walitaka jina la ukoo. Bibi alikuwa mzee, hasemi sana. Alimpakata mtoto, akamwambia sikioni, "Siti", akamrudisha kwa mamake. Hapana aliyebisha.