Nyumba yangu Nyasaka ina bei tatu mtandaoni, nifanyeje?

Msukuma wa Dodoma
Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba Nyasaka, Ilemela, hapo Mwanza. Vyumba vitatu, kimoja masta, fensi, maji na umeme vipo, hati ina jina langu. Nimehamishiwa Dodoma kikazi, nauza milioni 85. Nilipiga picha kwa simu nikaweka Facebook na kwenye makundi mawili ya WhatsApp, nikajua kazi imeisha.

Wiki haijaisha, picha zangu zimezagaa. Dalali mmoja kaandika milioni 95, mwingine 110, wa tatu 78 "bei ya kutupa" ili apigiwe simu tu. Huyo wa 110 kachomekea na picha ya ziwa, eti linaonekana sebuleni. Dirisha langu la sebuleni linatazamana na ukuta wa jirani! Wateja wakifika wanamkuta mdogo wangu, wanamwita tapeli.

Tena kuna mteja yuko Kanada, ana ndugu yake Igoma. Anataka nimtumie picha ya hati ndipo atoe kianzio. Nitume?

Mama Kiseke
Pole kaka. Mimi niliuza kwa video. Mwanza hii, kabla ya vyumba mtu anauliza gari linafika? Picha zinaonyesha malumalu, zile ngazi za mawe za kupanda na ndoo kichwani hazionyeshi. Nilimpa kijana simu, akapanda bodaboda nyuma, akarekodi kuanzia lami inapoishia hadi getini bila kukata, makorongo na yote. Simu zilipungua sana, ila waliokuja walikuja na nia. Wa nne akanunua.

Sato Mkavu
Bei na namba yako viandike juu ya picha yenyewe, katikati. Ukiweka pembeni wanakata.

Dalali Mstaafu
Msitulaumu wote. Zile kuta zilizoandikwa "nyumba hii haiuzwi" mnadhani zililetwa na intaneti? Tofauti ni kwamba zamani mteja alilazimika kupita kijiweni, maana sisi ndio tuliojua nyumba ipi inauzwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yetu. Leo kashaona nyumba thelathini usiku akiwa kitandani, sasa kijana wa watu atauza nini? Anauza cha juu, yaani anachoongeza juu ya bei ya mwenye nyumba, na hela ya kuzungusha watu. Chagua dalali mmoja, andikishaneni kamisheni kwa asilimia, cha juu marufuku. Wengine wote waambie hujawatuma.

Nzagamba
Hati usitume. Mpe namba ya kiwanja na kitalu, ndugu yake aende ofisi ya ardhi ya mkoa afanye upekuzi, yaani ahakikishe kwenye kumbukumbu mmiliki ni nani. Hati yenyewe aione kwa wakili, mkiwa mmekaa. Picha kamili ikishatoka, mtu anaweza kuighushi akauza kwa jina lako. Huyo wa Kanada muulize uraia mapema, asiye raia utaratibu wake wa ardhi ni mwingine.

Na shemeji anajua? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yake. Halafu kuna kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya ongezeko. Risiti za saruji na nondo zitakusaidia hapo.

Msukuma wa Dodoma
Anajua, tena ndiye anayenisukuma. Risiti zilikuwa kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati, dogo anazitafuta.

Kijana wa Kirumba
Mkuu, ile ya 78 bado ipo? 😂

Msukuma wa Dodoma
Nimempigia kwa namba nyingine, nikajifanya mteja. Kasema niwahi, mwenye nyumba ana shida kubwa na ni rafiki yake wa karibu. Nitume elfu 20 ya mafuta anipeleke kuiona.