Programu za zamani za kupunguza kasi ya prosesa: nani ameshaziondoa? Tupeane uzoefu

Fundi wa Ligula
Habari za jioni wakuu. Mtwara mjini hapa bado naletewa mashine za Linux zenye cpufrequtils, programu ya kupanga kasi ya prosesa, iliyowekwa enzi hizo na haijaguswa tena. Zamani programu za namna hii zilikuwa na maana. Mpaka gavana (kanuni ya kuchagua kasi) iitwayo ondemand, inayopandisha kasi kazi ikija, ilipoingia kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 2.6.9 mwaka 2004, kulihitajika programu ya pembeni ikae inapima mzigo na kupandisha au kushusha kasi. Kuanzia 2013, kerneli 3.9, Intel wana draiva yao ya intel_pstate, inayosimamia kasi ya prosesa. Prosesa zao za Skylake za 2015 ndizo zilizoanza kujipangia kasi zenyewe ndani ya chipu, na AMD nao wakapata amd-pstate kwenye kerneli 5.17. Msimamo wangu ni kwamba kwenye mashine za namna hiyo tuitoe kabisa, isibaki kama pambo. Aliyeitoa atueleze ilikuwaje.

Kijana wa Masasi
Mkuu, mimi nilikutana nayo kwenye kompyuta ya chama cha msingi, msimu wa korosho, wakati ambao hakuna mtu anayetaka mashine iguswe. Faili la mipangilio linaomba ondemand, lakini prosesa ile, chini ya intel_pstate, inatoa gavana mbili tu, performance (nguvu) na powersave (kubana). Kwa hiyo kila ikiwaka inaombwa kitu ambacho haina. Nikasubiri mnada uishe, nikaiondoa. Kasi ileile, joto lilelile. Kwangu huo ndio ushahidi kwamba haikuwa ikifanya lolote.

Ila powersave inawatisha watu bure. Chini ya intel_pstate haina maana ya kubana kasi chini muda wote. Kasi inapanda kazi ikija.

Mama Laptopu, Lindi
Shida yangu ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Laptopu ya mteja ilikuwa na TLP na power-profiles-daemon, programu mbili za kusimamia matumizi ya umeme, kwa pamoja, na zote mbili zinaandika mahali pamoja, yaani ile mipangilio inayoiambia prosesa ipendelee nguvu au betri. Mteja anachagua kubana matumizi, akichomoa chaja chaguo lake linafutwa. Huku umeme unapokatika jioni na joto letu hili la pwani, betri si jambo dogo. Nikaizima power-profiles-daemon kwa `systemctl mask`, nikabakiza TLP kwa sababu inaweka pia kikomo cha kuchaji betri. Ndugu zangu, msitoe kitu kizima kwa sababu sehemu yake moja imepitwa na wakati.

Mwalimu Nachingwea
Naomba kutofautiana kidogo. Shule yetu ina mashine za Core 2 Duo, na intel_pstate haizihusu, zinatumia draiva ya zamani, acpi-cpufreq. Tunatumia sola, nami nataka kasi isivuke kiwango fulani mchana wa mawingu. Hapo chombo nakihitaji. Ila nimetoka cpufrequtils nikahamia cpupower, chombo cha kazi hiyohiyo kinachotunzwa pamoja na kerneli yenyewe: `cpupower frequency-set -u` halafu kiwango unachotaka.

Mzee wa Mikindani
Wa FreeBSD, mfumo mwingine usio Linux, tupo pia. Tangu toleo la 13 lina draiva ya hwpstate_intel, na kwenye prosesa inayoikubali powerd, programu yake ya kupanga kasi, haina cha kushika. Nimeifuta kwenye rc.conf, faili la mipangilio ya kuwasha mfumo, natumia `dev.hwpstate_intel.0.epp`: 0 ni nguvu, 100 ni kubana.

Fundi wa Ligula
Shukrani, wakuu. Mwalimu, hoja yako naikubali, mashine hizo ziache. Kwa wengine, kabla ya kuifuta cpufrequtils kwa `apt purge` someni kwanza draiva inayotumika
`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_driver`
Ikijibu intel_pstate au amd-pstate-epp, toeni, washeni upya, kisha ipeni mashine kazi nzito huku mnaangalia joto. Ikijibu acpi-cpufreq, leteni hapa aina ya prosesa kwanza tuijadili.