Naomba ushauri: mwavuli ubaki mwekundu, kwingine kote nyeusi na nyeupe

kivuli_cha_asubuhi:
Habari zenu wakuu. Nina picha ya binti yangu amesimama mvuani na mwavuli mwekundu. Nataka mwavuli tu ubaki na rangi. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Nimenakili leya (tabaka la picha), ya juu nikaitoa rangi, kisha nikafuta sehemu ya mwavuli kwa raba ili rangi ya chini ionekane. Kingo zimetoka kama zimetafunwa na panya, na pale mkono ulipoteleza siwezi kurudi nyuma. Picha hii naipenda mno. Nisaidieni.

fundi_leya:
Mkuu, achana na raba, ikishafuta imefuta. Anza upya: iwekee leya ya kijivu maski nyeupe (pazia la kuficha au kuonyesha sehemu za leya), halafu paka nyeusi kwenye maski pale penye mwavuli. Ukipaka nyeusi, rangi ya chini inatokeza. Ukizidisha, paka nyeupe, kijivu kinarudi. Kingoni kuza picha hadi asilimia 200 na utumie brashi ndogo. Ukingo uliokaa kwenye fokasi unataka brashi ngumu kiasi, uliofifia unataka laini. Na uhifadhi kwa XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, maana JPEG inaziunganisha leya na maski inapotea.

kivuli_cha_asubuhi:
Maski imekubali, asante sana! Kingo safi. Ila sasa mwavuli unaonekana kama stika iliyobandikwa.

mama_lenzi:
Ni mwanga huo, ndugu yangu. Kitambaa chekundu humwaga wekundu kwenye shavu na bega la aliye chini yake, nawe umeuondoa wote. Shusha opasiti (kiwango cha kufunika) ya brashi hadi asilimia 15 hivi, upitishe nyeusi hapo kidogo kidogo.

pikseli_tatu:
Mimi ningeshusha na opasiti ya leya ya kijivu yenyewe, mpaka 75. Rangi nyingine zinafifia bila kufa, na ngozi ya mtoto inabaki na uhai. Kijivu kitupu kwa picha ya mtoto sikipendi kabisa.

fundi_leya:
Naunga mkono. Ila usidanganyike na njia ya mkato ya kuondoa rangi zote isipokuwa nyekundu. Ngozi na midomo vina nyekundu ndani yake, vitabaki vimewiva.

kivuli_cha_asubuhi:
Nimeweka 80, shavu limepata joto. Jamani, inapendeza! Swali moja: taswira ya mwavuli kwenye dimbwi, niiache kijivu?

mama_lenzi:
Irudishie rangi. Mwavuli mwekundu hauwezi kutoa taswira ya kijivu majini.